Flashi Haina Jina: Jua Windows Iliyomo Kabla Hujagusa Laptopu ya Mteja

Leo ni zamu ya wenye steshenari, pamoja na wale vijana wa ufundi wa kompyuta waliopewa kameza kadogo pembeni ya mashine ya fotokopi. Wauza mchele na wauza vitenge mnaweza kupita, ila kama una laptopu ya mahesabu dukani, kaa kidogo, maana wewe ndiye mteja tunayemzungumzia.

Fungua droo ya steshenari kuanzia Kabanga, Kasulu mjini, mpaka Kibondo. Humo kuna flashi tano au sita. Moja ina picha za pasipoti, nyingine ina nyimbo, na mbili tatu ni za kupigia window. Sasa uliza: ipi ni Windows 10, ipi ni 11, ipi ni ile 7 ya zamani? Unaambiwa, "Ni ile nyeusi." Ukiangalia, zote nyeusi.

Sababu inaeleweka. Faili la kusakinisha Windows za sasa linazidi GB 5. Ukilishusha kwa bando la simu, faida ya kazi mbili tatu imeondoka, na mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Kwa hiyo mtu mmoja analishusha Kigoma mjini au Dar, ananakili, anampa mwenzake, naye anampa mwenzake. Ikifika mkono wa nne, hakuna anayejua ilitoka wapi wala nani aliichokonoa njiani. Faili lenyewe si la wizi, maana Microsoft wanaliweka bure kwenye tovuti yao na kinachouzwa ni leseni. Tatizo ni kwamba kinachokufikia hakina jina, au kina jina la uongo. Karatasi ya gundi iliyoandikwa "WIN 10 PRO" haithibitishi chochote, kwa sababu flashi hufutwa na kuandikwa upya na karatasi hubaki pale pale.

Mbona tunaikazia hivi? Tuseme mwanafunzi wa uuguzi pale Kabanga amekuletea laptopu inayoganda. Ripoti yake ya utafiti iko humo humo, hana nakala nyingine. Unachomeka flashi, unawasha, ukitegemea ile skrini ya kuchagua lugha halafu uchague diski. Haiji. Mashine inaanza kunakili mafaili yenyewe, na ukija kushtuka diski imeshafutwa na window mpya imekaa. Hapo elfu kumi ya ufundi hailipi chochote, na habari inasambaa chuo kizima kabla ya jua kuzama.

Huo si uchawi. Windows ina utaratibu halali kabisa wa kujijibu maswali yenyewe wakati wa kusakinishwa. Uliwekwa kwa ajili ya maofisi makubwa yenye kompyuta mia, ili fundi asikae anabonyeza "Next" mara mia. Majibu yanaandikwa kwenye faili dogo linaloitwa autounattend.xml, linawekwa mwanzoni kabisa mwa flashi. Ndani yake mtu anaweza kuandika kwamba diski ya kwanza ifutwe yote bila kuuliza. Flashi kama hiyo ikitoka kwenye ofisi ya watu ikaingia mtaani, inakuwa mtego, hata kama aliyeitengeneza hakuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo kanuni ni moja: flashi usiyoijua isomwe kwanza kwenye kompyuta nyingine iliyokwisha kuwaka, kama unavyosoma flashi ya nyimbo. Usianze kwa kuwasha mashine ya mteja nayo.

Ichomeke kwenye kompyuta ya dukani yenye antivairasi. Usibonyeze mara mbili chochote, hasa setup.exe. Windows ikikuambia flashi haisomeki na inataka kuifomati, bonyeza Cancel. Inawezekana ni flashi ya Linux, ambayo Windows haiielewi, na haijaharibika hata kidogo. Fungua kwa kubonyeza kulia, chagua Open, halafu tazama kilichomo.

Kwanza mtafute huyo autounattend.xml. Akiwepo, mfungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta neno WillWipeDisk. Ukikuta limeandikwa true, umeshaelewa flashi hiyo ingemfanyia nini mwanafunzi wetu. Kama flashi si yako, usilifute faili la watu. Libadilishe jina tu, liite kwa mfano zamani.xml. Windows inalitafuta kwa jina lake kamili, ikilikosa inarudi kuuliza maswali kama kawaida. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui: wakati wa kusakinisha, Windows hulitafuta faili hilo hata kwenye flashi nyingine zilizochomekwa. Unaweza kuwa na flashi safi ya kupigia window, ila ile ya nyimbo iliyo tundu la pili ndiyo yenye mtego. Chomoa zote, bakiza moja.

Kisha ingia kwenye folda ya sources uone kama kuna folda yenye jina la ajabu, $OEM$. Humo ndimo watu huweka amri na programu zinazojiendesha Windows ikimaliza kukaa. Kuwepo kwake peke yake si kosa. Programu ya Rufus, ambayo wengi tunaitumia kutengeneza flashi, huweka folda hiyo ikiwa uliichagulia ikuondolee masharti fulani ya Windows 11. Lakini ukikuta ndani yake kuna mafaili ya .exe au .cmd ambayo hujui kazi yake, hiyo flashi si ya kuweka kwenye laptopu ya mtu anayeingia benki na mfumo wa TRA.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: ni Windows gani?

Njia ya haraka, bonyeza kulia kwenye setup.exe, chagua Properties, halafu Details. Soma mstari wa Product version. Ikianza na 6.1 hiyo ni Windows 7, ikiwa 6.1.7601 ni ile yenye Service Pack 1, na 7600 ni ile ya mwanzo kabisa. 6.2 ni Windows 8, na 6.3 ni 8.1. Ikianza na 10.0 usikimbilie kusema ni Windows 10, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga: hata Windows 11 inaanza na 10.0. Angalia namba inayofuata. Kuanzia 22000 kwenda juu ni Windows 11, chini ya hapo ni Windows 10. Kwa 11, namba 22000 ni toleo la 21H2, 22621 ni 22H2, 22631 ni 23H2 na 26100 ni 24H2. Kwa 10, namba 10240 ni ile ya kwanza kabisa ya mwaka 2015, na 17763 ni 1809.

Halafu kuna 19041, hiyo ina kichekesho chake. Rasmi ni toleo la 2004, lililotoka mwaka 2020. Lakini matoleo yaliyofuata, mpaka 22H2 iliyo ya mwisho, yalijengwa juu ya msingi huo huo, ndiyo maana flashi ya 22H2 nayo inaweza kukuonyesha 19041. Usimbishie mteja kwa namba hiyo peke yake. Nenda kwenye kipimo kikubwa.

Kipimo chenyewe ni programu ya dism, ambayo tayari imo ndani ya Windows yako, hununui wala hushushi kitu. Ndani ya sources tafuta faili kubwa kuliko yote. Litakuwa install.wim au install.esd, na hilo ndilo gunia lenye Windows yenyewe. Mengine yote ni mafaili ya kusaidia tu. Wakati mwingine sources haionekani mwanzoni, badala yake kuna folda mbili, x86 na x64. Basi ujue flashi ina bit 32 na bit 64 pamoja, na kila folda ina sources yake ndani.

Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza kulia, chagua Run as administrator. Kama flashi yako imesoma kama E, andika hivi:

dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Kama faili lako ni la .esd, badilisha hapo mwisho. Itakuletea orodha ya kila Windows iliyomo, na kila moja na namba yake: Home, Home Single Language, Pro, Education na kadhalika. Ukitaka undani wa mojawapo, rudia amri ile ile, mwishoni ongeza nafasi na /index:1, au namba uliyoitaka.

Hapo ndipo pa kutulia, kunywa chai, na kusoma mstari kwa mstari. Version ni ile namba tuliyoiona. ServicePack Build chini yake ndiyo inayomaliza ule ubishi wa 19041: namba ikiwa kubwa, flashi ni ya karibuni. Architecture ikisema x64 ni bit 64, ikisema x86 ni bit 32. Languages inakutajia lugha. Na Name inasema jina. Jina la Microsoft ni kavu, "Windows 10 Pro" basi. Ukikuta limepambwa kwa maneno ya Lite, Gamer au jina la mtu, kuna aliyeifungua akapunguza na kuongeza anachotaka. Wengine huondoa kinga ya virusi ili mashine iwe nyepesi. Mteja anafurahi siku ya kwanza kwamba laptopu inakimbia, na hajui amelala mlango wazi. Kwa laptopu ya duka yenye mahesabu na nywila za benki, mimi ningekataa kuiweka hata mteja akisisitiza.

Sasa hizo Home na Pro si mapambo, ni pesa ya mteja. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuja juu zina leseni iliyofichwa ndani ya mashine yenyewe. Ukimpigia toleo lile lile alilokuja nalo, akiunganisha intaneti inajitambua, hakuna maneno. Ukimpigia Pro wakati leseni yake ni ya Home, inaanza kumdai, na hapo ndipo mafundi wanapomtafutia vile vijiprogramu vya kuvunja leseni, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoleta virusi. Mtu alikuwa na mali yake halali, tukaifanya ya magendo bila sababu. Kwenye ile orodha ya dism, Edition ya Home imeandikwa Core, na Home Single Language imeandikwa CoreSingleLanguage, usichanganyikiwe. Kabla hujafuta, kama laptopu bado inawaka, ingia Settings, System, About, usome ilikuwa toleo gani, uandike kwenye daftari la kazi.

Suala la lugha nalo huku kwetu lina uzito wake. Tupo mpakani na Burundi, kwa hiyo usishangae kukutana na flashi au DVD ya Kifaransa. Ukiona fr-FR, ujue menyu zote zitakuja hivyo. Kwa Pro unaweza kuongeza Kiingereza baadaye, kwa Single Language imekula kwako, inakaa na lugha moja. Kama huna nafasi ya kutumia dism, fungua faili la lang.ini lililo kwenye sources kwa Notepad. Lugha imeandikwa humo. Jirani yake anaweza kuwemo ei.cfg, ambaye hutaja toleo, ingawa flashi nyingi hazinaye.

Na kama kompyuta ya dukani imezimika kwa sababu umeme umekata? Simu inasaidia. Waya wa OTG unakuwezesha kuchomeka flashi kwenye simu ya Android na kuifungua kwa programu ya mafaili. Utaona kama kuna autounattend.xml, utasoma lang.ini, na ukiingia folda ya efi halafu boot, faili la bootx64.efi linakuambia ni bit 64, bootia32.efi ni bit 32. Namba za toleo hutazipata kwa simu, na flashi ya NTFS simu nyingi haziisomi. Kwa umeme wenyewe, mwenye laptopu iliyokufa betri usimpigie window siku mvua inanyemelea. Umeme ukikata katikati utakuwa umeanza na mashine mbovu ukamaliza na mashine mbovu zaidi.

Ukishajua kilichomo, ndipo unaamua kinamfaa nani. Windows 11 inataka ramu ya GB 4, diski ya GB 64, ile chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Haina bit 32 kabisa. Kuna mbinu za kuruka masharti hayo, lakini ikifika 24H2 kuna ukuta: prosesa za Core 2 Duo hazina maelekezo inayoyadai, kwa hiyo haiwaki, hata ufanyeje. Ndiyo maana mashine moja ilikubali "Windows 11 ya fulani" mwaka juzi na leo inakataa "ile ile". Si ile ile. Ukisoma namba utakuta moja ni 22621, nyingine 26100.

Windows 10 ilifika mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inafanya kazi na kwa mashine nyingi za huku ndiyo inayowezekana, ila mwambie mteja ukweli huo mapema, aamue mwenyewe. Windows 7 iliachwa tangu Januari 2020. Ukilazimika kuiweka kwa sababu ya printa au mashine fulani ya zamani, kumbuka haina draiva za USB 3.0. Ikigoma katikati na kudai draiva ya CD/DVD inakosekana, usiilaumu flashi. Ihamishe kutoka tundu la bluu kwenda tundu jeusi, ujaribu tena.

Flashi ya Linux inajitambulisha vizuri kuliko zote. Ubuntu na Linux Mint zina folda iitwayo .disk, na ndani yake faili la info, ambalo limeandika jina, toleo na tarehe kwa maneno ya kawaida. Kama kompyuta ya Windows haiioni, ichomeke kwenye mashine yenye Linux. Kwa zile Core 2 Duo zinazotumika kuchapa barua na kujaza fomu tu, Linux Mint ni ushauri ambao mafundi wengi wanaona aibu kuutoa, na hauna haja ya aibu.

Hata ukiwa umehakiki kila kitu, nakili kwanza kazi za mteja kwenye diski ya nje, mbele ya macho yake, naye akubali kwamba folda zake zimo. Taarifa hizo ni zake, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo akishachukua mashine na kuridhika, zifute kwenye diski yako.

Kazi ya kuzipa majina flashi zote za kwenye droo inachukua jioni moja. Baada ya kuisoma kila moja, bonyeza kulia kwenye jina lake, chagua Rename. Flashi ya FAT32 inakubali herufi 11 tu, nazo zinatosha: W10-22H2-64 ni 11 kamili, na W11-24H2-64 vilevile. Jina hilo linakaa ndani ya flashi, na likipishana na karatasi ya gundi, ujue kuna mtu ameigusa, uisome upya. Zile za Linux tu ndizo usizibadilishe jina, kwa sababu baadhi yake, Fedora kwa mfano, hujitafuta kwa jina hilo wakati wa kuwaka na zikilikosa hazifiki popote. Hizo ziandikie kwa kalamu ya maki juu ya plastiki, pamoja na mwezi na mwaka uliozihakiki.